Mbasela ya Mama Aliyeishiwa na Samaki

Ninaweza kuonyesha kwa kidole mahali wivu wangu ulipoanzia. Ni mstari wa kwanza wa ukurasa wa tatu, katika daftari la shule lenye jalada la kijani. Uliandikwa kwa penseli na msichana wa miaka kumi na minne: "Mama aliishiwa na samaki, lakini watu waliendelea kusimama mbele yake, kwa kuwa walikuwa bado hawajapewa mbasela."

Kwa asiyejua masoko yetu ya Nchelenge, kando ya ziwa, mbasela ni kile anachokuongezea muuzaji juu ya ulichonunua. Umeshachagua fungu lako la samaki wakavu, mmeshapatana, biashara imekwisha. Ndipo mkono wake unarudi kwenye beseni na kukutupia wengine watatu, wanne. Usipopewa, unasimama tu na mfuko wako wazi, unamtazama. Hakuna anayeuliza unangoja nini.

Nilikuwa nimepita sokoni humo miaka miwili, kila siku, mimi ninayejiita mwandishi, na mbasela hiyo nilikuwa naila na bukari, ugali wetu, bila kuiona.

Riwaya yangu ni moja, ilinichukua miaka minne, na haijachapishwa. Niliianza Lubumbashi, tulipokuwa wanane tunaokutana kila Jumapili baada ya misa katika ua wa fundi cherehani. Tulikuwa na desturi yetu. Kurasa zote ziliwekwa ndani ya kofia bila majina, mmoja akasoma, wengine wakakisia ni za nani. Mmoja wetu alikuwa na sikio kali kuliko wote, na leo ndiye anayehariri vitabu vya nyumba ndogo ya uchapishaji huko. Za kwangu hakuwahi kuzikosa. "Ni za yaya," alisema, yaani dada mkubwa, mimi, kabla ukurasa haujafika katikati. "Humu kila mutu analipa." Wengine walicheka, nami nilichukulia kuwa ni sifa. Katika riwaya yangu malkia wa milima hununua mvua kwa nywele zake, na usingizi kwa kivuli chake. Nilijivunia sana kwamba hapati kitu bure.

Nilikuja Nchelenge kukaa kwa mama mdogo wangu, anayeuza vitenge karibu na pale minibasi za Mansa zinapongoja abiria. Nilisema nakuja kumaliza kitabu. Baada ya miezi michache nilichokosa zaidi kilikuwa masikio ya watu. Ndipo nikaomba chumba cha nyuma cha kanisa kwa Jumamosi mchana, nikatangaza kwamba nitafundisha vijana kuandika hadithi za maajabu.

Walikuja saba. Watano walikuwa wa familia zilizovuka kutoka Kongo, na wawili wa hapa ziwani, ambao Kiswahili chao kilikuwa kile cha kuuzia samaki. Wiki za kwanza waliniletea majumba ya mawe, theluji na wafalme wenye mapanga.

"Huyu mfalme eko anakula nini?" nilimwuliza kijana mmoja.

Akafikiri. "Nyama, Madamu."

"Nyama gani, na kila kitu kimefunikwa na theluji?"

"Iko mu frigo!" mwenzake akajibu kwa niaba yake, na darasa likavunjika mbavu. Mmoja wa wale wawili wa hapa akaongeza, kwa ile "ba" yao ya heshima, "Awe, ba mwalimu, theluji yenyewe ni frigo."

Nilikuwa mwalimu mzuri, sitasema uongo. Niliwatoa kwenye theluji nikawarudisha kwenye matope yao wenyewe. Na ili wasipotee tena, nilichukua ubao wa mbao ambao tuliutumia kwa chaki, na kwa rangi ya buluu iliyobaki jirani yetu alipopaka mtumbwi wake, nikaandika juu kabisa kwa herufi kubwa: HAKUNA UCHAWI WA BURE. Niliwaeleza kwamba msomaji huamini ajabu pale tu anapoona mtu ameilipia. Wakanakili. Rangi ile haifutiki, na wakati huo niliona ni jambo jema.

Kisha ziwa likafungwa. Kila mwaka kuna miezi ambayo uvuvi unakatazwa ili samaki wazae. Mitumbwi hugeuzwa matumbo juu, mvua huipiga mchana kutwa, na sokoni hubaki samaki wakavu wa akiba wanaozidi kupungua. Mbasela hupungua kabla ya mafungu. Kutoka wanne inakuwa wawili, kisha mmoja, kisha muuzaji anaangalia pembeni.

Katika miezi hiyo ndipo yule msichana alipoisoma hadithi yake. Mama yake anauza samaki mistari miwili kutoka kwa mama mdogo wangu. Kila Jumamosi alikuwa akichelewa, akikaa dirishani, viganja vyake vinanuka samaki, na hadi siku hiyo alikuwa hajasoma hata mara moja kwa sauti.

Mama wa hadithi yake, kwa kuwa beseni lilikuwa tupu na watu hawaondoki, alianza kuwapa mbasela ya vitu vingine. Mmoja alimpa adhuhuri ambayo haikuwahi kutumika. Mzee mmoja alimpa sauti ya mama yake ikimwita kula. Msichana mmoja alimpa harufu ya mvua ya mwaka aliozaliwa, imefungwa kwenye gazeti. Kesho yake mstari ukafika hadi ufukweni. Na mwishoni mwa mstari, baada ya watu wote, lilisimama ziwa lenyewe, miguu yake inachuruzika maji, limeinamisha kichwa kwa aibu, kwa sababu miezi yote hiyo lilikuwa limefungwa na halikuleta kitu. Mama hakujua ampe ziwa nini. Basi alisogea kando kwenye mkeka wake, akaachia nafasi. Ziwa likakaa.

Hivyo ndivyo ilivyoisha. Hakuna aliyecheka. Yule wa frigo alikuwa amefungua kinywa.

Umewahi kukwamwa na mwiba wa samaki kooni? Unameza tonge kubwa la bukari ili uushushe, nao hauendi popote. Wivu ulinikaa hivyo mbele ya watoto saba. Nilijaribu kutafuta kosa, na nikalipata nyuma yangu, limeandikwa kwa rangi ya buluu.

"Ni nzuri," nilisema. "Lakini bei yake iko wapi? Huyu mama analipa nini?"

Msichana aliangalia ubao, kisha akaniangalia mimi, kwa adabu. "Madamu, mbasela haina na bei."

"Kwa hadithi lazima iwe nayo."

"Kama iko na bei, basi si mbasela. Ni kuuza tu."

Darasa likapiga meza. "Ba mwalimu, amewashinda!" akapaza sauti mmoja wa wale wawili, na mimi nikacheka pamoja nao, kwa meno.

Wiki hiyohiyo rafiki yangu wa Lubumbashi, yule mwenye sikio kali, aliniandikia kwenye simu. Anatengeneza kitabu cha hadithi za vijana kutoka pande zote za ziwa. Nafasi ya upande wetu ni moja. "Nitumie ya kwako," aliandika, "ao ya mwanafunzi kama eko na kitu. Kabla ya Jumatatu ya wiki ijayo." Nilikuwa na hadithi fupi niliyoichonga kutoka kwenye riwaya: malkia, milima, nywele. Kwa miaka minne hakuna mtu aliyekuwa ameniomba hata ukurasa.

Nikaenda kumwambia msichana anipe daftari lake, nilisahihishe.

Alinipa kwa mikono miwili.

Nililisahihisha kwa kalamu nyekundu, siku tatu, nikikaa kwenye kigoda nyuma ya vitenge mvua ikinyesha. Sikubadilisha maneno machache tu. Nilimpa yule mama bei. Kila mbasela aliyotoa, alipoteza kidole kimoja. Adhuhuri ilimgharimu kidole kidogo, sauti ya mama ikachukua cha pete. Niliandika vizuri, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Ziwa nililikata lote, kwa mistari miwili mizito, na pembeni nikaandika: "Halina sababu." Nilijiambia kwamba ninamfundisha, kwamba siku moja atanishukuru. Wakati huohuo nilijua hadithi yangu ya malkia iko tayari kwenye simu, inangoja kidole changu tu, na kwamba hii ya kwake, nikishamaliza nayo, haitamtisha mtu.

Jumamosi alikuja kabla ya wengine, kwa mara ya kwanza. Alisoma akiwa amesimama, akifuata nyekundu yangu kwa kidole chake, na midomo yake ilikuwa ikisogea.

"Vidole vyake vimeisha," alisema.

"Ndiyo bei."

"Na sasa atashika samaki na nini, ziwa likifunguliwa?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilisema tutalijadili darasani. Aligeuza ukurasa wa mwisho, akaona mistari miwili mizito, akafunga daftari, akaliweka mezani mbele yangu, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani.

"Aksanti, Madamu. Ni muzuri. Alakini sasa ni ya Madamu."

Akaenda kukaa dirishani bila kitu mkononi, na alisikiliza somo lote hivyo.

Walipoondoka nililifungua daftari nikasoma ile nyekundu tangu mwanzo, kwa sauti, kama tulivyosoma kurasa za kofia. Kabla sijafika katikati niliitambua. Yule mwenye sikio kali asingehitaji hata nusu ukurasa. Humu kila mtu analipa. Nilikuwa nimechukua kitu ambacho sijawahi kukiweza na kukigeuza kuwa kimoja zaidi cha vile ninavyoviweza.

Nilimkuta barabarani, karibu na mitumbwi iliyogeuzwa, kitambaa kichwani kwa ajili ya manyunyu.

"Kuna kitabu," nilimwambia, nikihema. "Huko Lubumbashi. Wanataka hadithi moja kutoka hapa. Naweza kutuma yako?"

"Ile mekundu ao ile ya penseli?"

"Ya penseli."

"Ya penseli ni yangu."

"Ndiyo maana nakuomba."

Alitazama upande wa maji. Kisiwa cha Kilwa, hiki cha ziwa letu, kilikuwa hakionekani, mvua ilikuwa imekimeza. "Mutume basi," alisema. "Alakini musiguse ziwa."

Jumapili, baada ya ibada, nilikaa karibu na dirisha nikaiandika kwenye simu, herufi kwa herufi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Sentensi zake zilipita mikononi mwangu moja moja, na kila moja nilitamani iwe imetoka kwangu. Nilikuta mahali alipokosea, panapohitaji neno moja tu, na kidole changu kilikaa juu ya neno hilo. Nikaliacha. Nilipofika kwenye ziwa, wino wangu ulikuwa umeifunika penseli kabisa. Ningeweza kuliandika upya kwa kukumbuka, na nani angejua? Niliinua ukurasa, nikauinamisha kwenye mwanga hadi mikwaruzo ya penseli ikaonekana chini ya wekundu, nikaisoma hivyo, kama mtu anayesoma nyayo. Juu kabisa niliandika jina lake. Nikatuma. Ya malkia niliiacha ilipo.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo.

Jumanne mchana, nikiwa na mama mdogo kwenye vitenge, simu ilitetemeka. "Weye mujanja!" aliandika rafiki yangu. "Unajificha nyuma ya mutoto ili nisikutambue. Karibu unishinde. Ni kitu kizuri kuliko vyote ulivyoandika. Hatimaye umeacha kulipisha watu! Naweka jina lako ao la huyu mutoto wa uongo?"

Nilisoma mara tatu. Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu ua wa fundi cherehani. Yalikuwa yamekuja kwa anwani yangu, kwa simu yangu, na kwa muda huo hakuna mtu duniani aliyejua kwamba si yangu, isipokuwa mimi.

"Juu ya nini unacheka peke yako?" mama mdogo akauliza.

"Wamesifu hadithi."

"Ile ya kitabu?"

Nikakunja kitenge ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Sikusema ndiyo. Wala sikusema hapana. Na mama mdogo, ambaye kwa miaka miwili amewajibu watu wanaomwuliza mpwa wake anafanya kazi gani, alisimama akaweka mikono kiunoni na kutangazia mstari mzima wa soko: "Mwana wangu ataingia mu kitabu! Ee, nyinyi mulikuwa munasema eko tu anakaa!"

Watu walipiga vigelegele. Muuza karanga akanipiga begani. "Utuandike na shiye, eh? Alakini mimi, uniweke mwembamba!" Nilicheka. Kwa muda wa kama saa moja niliivaa sifa ile, na ilinikaa vizuri, hilo ndilo ninaloona aibu nalo hadi leo. Ilinikaa vizuri kabisa.

Kisha mama wa yule msichana alikuja. Alikuwa ameacha meza yake na kuvuka mistari miwili, akifuta mikono kwenye kitenge. Mkononi alikuwa na kipande cha gazeti kilichofungwa.

"Madamu, nimesikia," alisema. "Mutoto wangu atafurahi, anawapenda sana. Siku zote ni Madamu hivi, Madamu vile." Akanisukumia lile gazeti kifuani. Ndani mlikuwa na samaki wakavu, konzi nzima, katika miezi ambayo wauzaji wanaangalia pembeni. "Hamukununua kitu leo. Hii ni mbasela tu. Ya furaha."

Mwiba ulishuka wakati huo, au labda ulipanda, sijui. "Mama," nilisema, "si yangu. Waliyoisifu ni ya mwana wenu."

Hakuelewa. Nikarudia. Mama mdogo aligeuka taratibu akaniangalia.

"Ya mwana wangu gani? Ile ya mama asiye na samaki?" Mikono yake ilipanda kichwani. "Yesu! Anaandika njaa yetu mu kitabu?"

"Hakuna njaa ndani yake, mama. Kuna nyinyi."

Aliketi kwenye kona ya meza yetu bila kuombwa, akaanza kucheka hadi akajifuta macho. Niliinua lile gazeti nimrudishie. Akalisukuma kama mtu aliyetukanwa. "Mbasela hairudishwe, Madamu. Ni wapi mulionaka vile?"

Nikaliweka mapajani. Mbele yao wote wawili nilifungua simu nikamwandikia rafiki yangu: "Mtoto si wa uongo. Yupo, anakaa dirishani, na jina ni lile uliloliona. Mimi nilichofanya ni kuchafua daftari lake." Jibu lilichelewa hadi jioni. Halikuwa na pole wala neno lolote juu yangu. Liliuliza tu kama msichana ana nyingine.

Mama mdogo hakusema nami hadi tulipofunga vitenge. Njiani, akiwa mbele yangu na mzigo kichwani, alisema bila kugeuka, "Kesho weye mwenyewe utazunguka kuambia mstari mzima. Miye sina na kinywa tena." Na kesho yake nilizunguka, meza kwa meza. Muuza karanga alicheka zaidi kuliko jana.

Jumamosi iliyofuata nilimpa msichana habari mbele ya wenzake. Walipiga kelele, walimwita mwandishi mukubwa, walimwomba awape mbasela ya umaarufu. Yeye alinyoosha mkono tu, apewe daftari lake. Nilikuwa nimemnunulia jipya, la kijani vilevile, lakini alichukua lile la zamani kwanza, akafungua ukurasa wa mwisho.

"Walisoma na ziwa?"

"Walisoma na ziwa."

Ndipo akatabasamu. "Na yenu, Madamu? Mulituma?"

"Nafasi ilikuwa moja."

"Mutuletee basi. Tuisome. Tutasahihisha na mekundu!"

Darasa likalipuka. Na nitasema ukweli: nilipomwona akiinamia daftari jipya, penseli yake ikianza kukimbia kabla hata sijataja somo, wivu ulirudi ukakaa mahali pake palepale, kama abiria mwenye kiti chake. Aliandika kurasa mbili wakati mimi natafuta chaki.

Nilimwambia yule wa frigo anisaidie kugeuza ubao. Rangi ya buluu ikatazama ukuta. Upande wa nyuma haukuwa umepigwa randa. Chaki iliruka juu ya nyuzi za mbao, na kila neno nililoandika lilitoka na mapengo.

"Haionekane muzuri, Madamu," walilalamika.

"Sogeeni karibu," nikasema, nikaendelea kuandika.